Anwani Niliyoiandika Wiki Tuliyokuzika

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, nyumbani hapa Umoja. Ni Jumapili mchana, Mama ameenda kanisani, na mimi nimeshindwa kuinuka. Nimechoka, Baba. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Huu unaamka nami, unavaa viatu nami, unaenda kazini nami.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipeleka kazini kwako shule zikifungwa? Masjala ya hospitali ilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, faili za wagonjwa zimepangwa hadi darini, nyingine zimefungwa kwa kamba za viatu. Nesi alikuwa akisimama mlangoni akitaja jina tu, nawe unainuka unaenda moja kwa moja kwenye rafu. Uliniita Mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. "Mama," uliniambia, "kuna siku mgonjwa hawezi kujieleza. Siku hiyo faili ndiyo inamsemea." Mwisho wa mwezi tulipitia soko la Burma kula nyama, na ulinawa mikono mara mbili, maana vumbi la masjala halikutoka kwa maji ya kwanza.

Siku hizi faili zote zimo ndani ya seva, na anayezitunza ni mimi. Ulipokuwa hai nilijaribu kukueleza, ukacheka. Ziko seva mbili, zimeunganishwa zifanye kazi kama moja. Moja ikianguka, ya pili inashika kazi. Kompyuta za wodini haziitafuti seva fulani kwa anwani yake; zinatafuta jina la pamoja, na jina hilo linazielekeza kwa ile iliyo hai. Ukaniuliza, "Na zote mbili zikilala?" Nikakwambia hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumanne asubuhi umeme uliyumba, na seva ya kwanza ikazima. Ya pili ikashika kazi hata kabla sijaweka kikombe changu chini. Nikashukuru. Kisha simu ikalia. Wodi ya kujifungulia hawaoni rekodi hata moja.

Nilikagua kila nilichokijua. Hifadhidata ilikuwa hai. Maabara waliipata, duka la dawa waliipata. Wodi ile moja tu ndiyo iliyokuwa ikijibiwa kwamba seva haipatikani. Nikampigia Otieno, kijana wa Kariobangi anayeshughulikia mtandao wetu, nikamwambia kwa ukali aangalie nyaya zake.

"Sista, huku kwangu kuko poa," alinijibu. "Hebu cheki kwako."

Sikucheki kwangu. Nilimwambia arudie kupima. Akarudia, jibu likawa lile lile. Nusu saa nzima ilipotea hivyo.

Ndipo Nesi Nafula alipokuja mwenyewe, mbio, glavu bado mikononi. Kulikuwa na mama ameletwa anavuja damu, hajitambui, anatakiwa kupasuliwa mara moja. Alijifungulia hapo kwetu mara ya kwanza, na kuna sindano iliyomfanya ashindwe kupumua. Mumewe hakukumbuka jina la dawa hiyo.

"Mwende, iko kwa kompyuta," alisema. "Nipatie tu jina la hiyo dawa."

Nilifungua rekodi kwenye mashine yangu, kwa kuwa yangu ilikuwa inafika, nikamsomea jina la dawa. Alilirudia mara mbili kwa sauti, akakimbia. Kisha nikashuka wodini, nikaketi mbele ya kompyuta yao, nikafungua faili ya mipangilio. Mahali palipotakiwa jina la pamoja, paliandikwa anwani ya seva ya kwanza peke yake. Kompyuta ile ilikuwa ikibisha mlango wa nyumba isiyo na mtu. Kando ya anwani kulikuwa na maneno matatu: "Ya muda tu." Na herufi za jina langu. Na tarehe.

Baba, ilikuwa wiki tuliyokuzika. Nilirudi kazini siku mbili baada ya mazishi kwa sababu nyumbani sikuweza kukaa. Siku hiyo kompyuta ya wodi ilikuwa inachelewa kupata jina la pamoja, nami sikuwa na nguvu ya kutafuta sababu. Nikaandika anwani ya seva moja, ikafanya kazi, nikasahau. Jumanne, kulirekebisha kosa hilo kulichukua dakika mbili.

Yule mama alipona. Alipata msichana. Nafula alikuja kunishukuru, na nilitamani aondoke.

Saa nane mchana mkuu wetu, Bi Wanjiru, alituita. Alimtazama Otieno. "Mtandao ulikuwa na shida gani?" Mkataba wa Otieno ulikuwa unaisha mwezi huo, na kila mtu chumbani alijua. Alianza kueleza vipimo alivyofanya, na nikaona hakuna anayemsikiliza. Tayari walikuwa wameamua. Mimi ningekaa kimya tu, mambo yangepita.

Nikakukumbuka ile Jumamosi kabla hujalazwa, uliponiambia habari za Mzee Wekesa, uliyekaa naye masjala miaka mingi. Faili moja ilipotea, mgonjwa akateseka, Wekesa akalaumiwa na kuandikiwa uhamisho. Wiki mbili baadaye, Wekesa akiwa bado hajaondoka, uliikuta kwenye rafu ulikoiweka wewe, kimakosa. Ukairudisha mahali pake. "Nilinyamaza, Mama," uliniambia, na macho yako hayakunitazama. Nami nilikujibu vibaya. Nilisema, "Sasa mimi unaniambia ya nini?" Nikachukua mkoba nikaenda kazini. Hatukulizungumza tena, kisha ukafa.

Kwa miezi hii yote nilikuwa na hasira nawe. Nilijiuliza mtu anawezaje kunyamaza. Jumanne, mbele ya Bi Wanjiru, nilijua anavyoweza. Ni rahisi mno. Unafunga mdomo tu.

"Ni mimi," nilisema. "Mtandao haukuwa na kosa. Niliandika anwani mbaya, mimi mwenyewe, na asubuhi nikamlaumu Otieno."

Nilipewa barua ya onyo. Ni haki yangu. Nje mlangoni nilimwomba Otieno msamaha. "Ni sawa," alisema, lakini hakunitazama. "Ungejicheki asubuhi, singekuwa nimeketi pale nikingoja kufutwa kazi."

Uso wake ndio ulionipeleka Dandora jana. Nilimkuta Mzee Wekesa uani kwake, anarekebisha redio, kichwa cheupe kabisa. Nilimwambia mimi ni binti yako, nikamwambia na habari za faili. Nilizungumza haraka nisije nikarudi nyuma. Hakuinua macho kutoka kwa redio mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," alisema. "Nilimwona akiirudisha."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja aseme yeye. Hata baada ya kuhamishwa, nilikuwa nasema moyoni, Jumapili moja atakuja. Tunywe chai, yaishe." Aliweka bisibisi chini. "Nilimngoja sana baba yako, binti yangu. Alikuwa rafiki yangu."

Kisha akaita ndani waniletee chai. Tulikunywa pamoja, Baba, bila maneno mengi. Niliponyanyuka kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema niwasalimie nyumbani, na akasema nikija kwenye kaburi lako nimpitie, twende naye.

Pumzika sasa. Nami nitafumba macho kidogo kabla Mama hajarudi.

Binti yako, mama yako kwa jina,
Mwende