Dumu la Maji ya Mbwa

Ndugu yangu, nimejifungia bafuni kwa shemeji. Natamani ardhi ipasuke nizame.

Tumetoka kuwinda nguruwe pori. Jua kali, mbwa hoi. Mimi nilipewa kazi moja, kubeba dumu la maji ya mbwa. Moja tu!

Mbwa walipomkamata nguruwe, si nikanawa uso na kichwa ili nipendeze, nijipige naye picha? Nikayamaliza yote. Yote!

Mara mbwa mmoja, mzee kuliko wote, akaanguka. Shemeji akapiga kelele, "Lete maji!" Nikampa dumu tupu.

Hakunigombeza. Kamwacha nguruwe palepale, kambeba mbwa mabegani hadi garini.

Mbwa kapata nafuu, ila shemeji kagonga mlango sasa hivi: "Picha imetoka vizuri?"

Nimeifungua kwenye simu. Nyuma yangu yule mbwa mzee wa watu kakaa, ulimi nje, analitazama dumu.