Nanga Niliyosema Imeshika

Shoga, nimejifungia chooni humu kwenye boti.

Mchana tulikuwa ufukweni kwenye kisiwa cha Mayreau, tunakula kambakoche wa kuchoma. Tukaona boti la matanga linapelekwa na maji, halina mtu. Kemron, mwenzetu wa safari, akacheka, "Jamani, wenyewe wamelala au?" Nikacheka kuliko wote. Nikarekodi na video!

Lilikuwa letu. LILIKUWA LETU!

Wenzangu wamelikimbilia na kimashua, wamelidaka karibu na miamba kabisa.

Sasa leo asubuhi mimi ndiye niliyetumwa kupiga mbizi nikaone kama nanga imeshika. Nikawaambia, "Imeshika, nimeiona kwa macho yangu."

Kemron kaniuliza, "Jomelle, ulizama kweli?" Nikaapa.

Aliziangalia tu nywele zangu nilizonyoosha juzi kwa pasi.

Bado zimenyooka vilevile.