Mlango wa Stoo Niliouacha Wazi

Jumapili jioni, Murara, hapa Goma. Mvua imenyesha tangu mchana na matope meusi yamefika hadi kizingitini. Chai imechemka mara mbili na bado sijainywa. Sina raha.

Wengi wenu mlianza kusoma shajara hii kwa sababu ya likizo zangu za kazi kule shambani Masisi, enzi zile barabara ilipokuwa bado inapitika. Unafika na mabuti yako, unapewa ndoo. Asubuhi unazoa mavi ya ng'ombe, unakamua, unageuza jibini kwenye rafu. Saa tisa, ukiwa umeumia mgongo vya kutosha, unapanda farasi na kuzunguka vilima. Mama yangu alikuwa akishangaa: tangu lini mtoto wa muuza vitenge anakwenda likizo kuchota mavi? Lakini mimi nilirudi kila mwaka, na kila mwaka nilimpanda farasi yuleyule, Direktere, yaani mkurugenzi. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuanza kazi kabla ya kula.

Mnakumbuka pia nilivyoandika alipokufa. Niliandika kwamba tulimpoteza siku ya mlima, siku volkano ilipolipuka. Mkanitumia pole nyingi, na mimi nikazipokea zote.

Leo baada ya misa alikuja Muzee Samweli.

Yeye ndiye aliyekuwa mchunga farasi wa shamba lile tangu ujana wake, na ndiye aliyenifundisha kukaa juu ya farasi bila kuning'inia kama gunia. Vita vilipofika kule alikimbia na mkewe, na sasa wanaishi kwa binti yao, nyuma ya soko. Sikujua kama yuko mjini. Nilipomwona mlangoni, kofia mkononi, nilirudi nyuma hatua moja kabla sijasema karibu.

Hakuja kunishitaki. Amesikia kuna mtu ana farasi wachache Kibumba na anatafuta mwangalizi. Lakini yule mtu naye amesikia habari za Direktere, na anataka neno la mtu aliyekuwepo. Muzee akanifikiria mimi.

"Zuena, mutoto wangu, wewe ulikuwa pale," aliniambia. "Uandike tu kama uliniona nikifunga."

Inabidi nieleze. Stoo ya shamba lile, ya chakula cha mifugo, haikuwa na kufuli. Ilikuwa na komeo la mti na ukanda wa ngozi, na Muzee alipiga mafundo matatu kila jioni. Desturi yao ilikuwa moja: aliyefunga ndiye anayefungua. Ukihitaji kitu ndani, unamwita, hata kama anakula. Na hadi asubuhi, lolote litakalotoka humo ni juu yake.

Jioni ile tulikuwa uani anga lilipogeuka jekundu upande wa Goma. Watu wote walipanda kilimani kutazama. Simu yangu ilikuwa ndani ya stoo, kwenye betri ya sola, na mama yangu alikuwa hapa Murara peke yake. Muzee alikuwa ameshafunga, nilimwona kwa macho yangu. Sikumwita. Nilifungua mafundo yake kwa meno, nikachukua simu, nikakimbilia kilimani kutafuta mtandao.

Sikurudi kufunga.

Usiku ule Direktere aliingia akala pumba za mahindi na mashapo ya bia wanayolishwa ng'ombe hadi akashiba kupita kiasi. Ng'ombe hucheua. Farasi akishakula hana njia ya kurudisha, hata kutapika hawezi. Asubuhi Muzee alimtembeza uani, mzunguko baada ya mzunguko, akimsemesha kwa Kinyarwanda, mpaka magoti ya farasi yakakataa. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Mwenye shamba aliuliza ni nani aliyefunga stoo. Muzee akasema ni yeye. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo na ndoo ya maziwa. Mdomo ninao, ulimi ninao. Nilisema tu kwamba nawahi gari la maziwa, niende Sake, walikokimbilia watu wa Goma, kumtafuta mama.

Na ni kweli nilimkuta Sake, amekaa juu ya godoro lake, mzima kabisa. Basi nilikosa nini siku ya pili yake kupiga simu? Na ya tatu? Muzee alifukuzwa kazi wiki ileile. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha miaka yote hii bila kujikwaa.

Nilidhani kilichoniuma ni kufukuzwa kwake. Leo nimejifunza kwamba kuna zaidi. Alishika kikombe bila kunywa, akasema polepole:

"Niko naona kama nilifunga. Lakini kila siku najiuliza. Pengine ni uzee, pengine kichwa imeanza kuniacha. Siku hizi bibi yangu njo anafunga mulango ya nyumba. Miye siwezi tena kujiamini."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua kinywa nikamuuliza kama anaongeza sukari.

Nikaandika barua. Kwamba nilimwona Muzee Samweli akifunga stoo kwa mikono yake, mafundo matatu. Kila neno ni kweli, na barua nzima ni uongo. Aliisoma akifuata mistari kwa kidole.

"Uliniona kweli?"

"Nilikuona, papa."

Alinishukuru mpaka nikatamani anitukane. Kisha akaaga, akavuta mlango wangu nyuma yake. Nilimtazama dirishani. Alifika barabarani, akarudi kuusukuma aone kama umefunga. Akaenda. Akarudi tena, katika mvua, akausukuma mara nyingine.

Nimelia, nalisema wazi. Nimemfanya mtu mwenye akili timamu aogope mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo nasahihisha niliyoandika hapa. Mlima haukumuua Direktere. Mlango niliufungua mimi, na niliuacha wazi mimi. Zile pole zenu sikustahili kuzipokea.

Barua ya pili iko mezani, na hayo yote yamo. Pikipiki ya Kibumba inamchukua Muzee saa moja asubuhi, nami nitakuwa kwa binti yake kabla ya hapo. Natangaza haya sasa hivi maana najijua: kukikucha nitapata sababu. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Akitaka kuwaambia jamaa wote wa shamba lile, awaambie.

Ila kesho jioni nyumba yao aifunge yeye. Mara moja tu, kisha aende kulala.