Mchanga Ndani ya Kofre

Jumatatu, 9 Juni
Minago tena. Kituo cha afya hakina intaneti. Wakubwa wangu Rumonge wameshaamua: kebo ya fibra imekatwa na wachimba barabara. Nimepima. Mwanga unaingia huku, unatoka kule. Uzi wa kioo ukikatika, mwanga haupiti, basi kebo ni nzima. Kilichokosa umeme ni kifaa cha intaneti, pamoja na friji ya chanjo. Vyote viwili vinalishwa na kofre moja, kisanduku cha swichi za umeme ukutani. Muuguzi Godeliva amehamishia chanjo kwenye sanduku la barafu. Barafu haitavuka Alhamisi.

Jumanne, 10 Juni
Swichi ya usalama inajizima kila asubuhi. Mchana, jua likishapiga ukuta, inakaa bila kujizima. Godeliva anasema ni hivyo tangu wiki iliyopita. Rumonge wanataka niibadilishe. Sitaki. Swichi hiyo hujizima inapohisi umeme unavuja. Ukiibadilisha, uvujaji unabaki palepale. Nimetenga waya mmojammoja. Friji safi. Taa safi. Kwa hiyo ubovu umo ndani ya kofre yenyewe. Mgongo unauma. Ubovu nitaupata.

Jumatano, 11 Juni
Nimefungua bamba la chini. Unyevu, ambao jua huupunguza mchana, kutu ya kijani kwenye shaba, na mchanga wa ziwani, kama kijiko kimoja. Kofre iko usawa wa kifua. Mvua imekatika tangu Mei. Mchanga haupandi ukuta.

Nikauliza. Godeliva akakumbuka: wiki iliyopita umeme ulirudi baada ya kukatika siku mbili. Alifungua kofre, akaona taa yake inawaka, akaiacha wazi na kukimbilia wodini akipaza sauti, "Moto iko mu kofre!" Huku kwetu Burundi moto ndio umeme, kama Kirundi kinavyosema. Lakini Hamisi, mlinzi, amekulia Tanzania na kurudi mwaka huu. Nilimtazama. Akatazama miguu yake.

"Nilisikia moto, mzee. Nikachota ndoo ziwani."

Angeweza kufa palepale. Hilo limenitisha kuliko habari ya chanjo. Baadaye alipoelewa, alinyamaza akiogopa kufukuzwa. Nilimkasirikia sana. Kisha nikawaza: ametii neno alilolisikia. Hasira ikaisha.

Alhamisi, 12 Juni
Barafu: vipande vichache, vingine maji. Nimesafisha, nimekausha, nimebadilisha viungio vilivyoliwa na kutu. Saa tisa nimewasha. Imekaa. Lakini mchana ilikuwa inakaa hata jana. Godeliva ameuliza kama arudishe chanjo. Nikamwambia arudishe, ila asubuhi niwepo mwenyewe.

Ripoti: "Maji yaliingia ndani ya kofre." Ni kweli. Ndoo sikuiandika.

Ijumaa, 13 Juni
Nimefika saa moja asubuhi, ukuta bado una baridi. Swichi imekaa. Saa mbili, imekaa. Saa nne pia. Intaneti imerudi, friji inanguruma taratibu. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi, watoto mapajani.

Nilipokuwa nafunga mfuko wa vifaa, Hamisi alinijia.

"Muzee, moto iko?" Kama mtu wa Minago.

Nikamjibu kwa Kiswahili chake cha Tanzania. Upo.