Treni Inayosimama Pasipo Stesheni

Jumapili, Julai. Singida mjini. Upepo unavuma tangu asubuhi, ule mkavu unaopasua midomo, na mabati ya jirani yanagongana. Nina baridi ambayo sweta haiitoi.

Mnaonisoma kwenye blogu hii mnaujua ugomvi wangu. Programu ya bure iliyofungwa msimbo wake, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta ifanye nini, ni chakula unachopewa gizani. Ule, ushukuru, usiulize kilichopikwa. Tumelishwa hivyo vya kutosha tangu tuambiwe soko ni huria: viwanda vikauzwa, mikataba ikabaki kabatini, na aliyeuliza akaitwa adui wa maendeleo. Kitu ambacho huwezi kukisoma wala kukitengeneza si chako, hata kama hukukilipia.

Sifuti hata neno moja. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Hata kaka yangu Jumanne, Mungu amrehemu, sikumwacha. Alikuwa dereva wa treni. Alipopunguzwa kazini alinunua kompyuta ya mtumba, akajifundisha mwenyewe, akatunga programu ya kuigiza safari ya Manyoni hadi Itigi. Unakaa ndani ya kichwa cha treni, unashika breki, unapiga honi, vichaka vinapita pembeni. Akaigawa bure. Wapenzi wa reli wa nchi nyingi wakaipokea, hata walimu wa chuo kimoja wakaanza kuifundishia. Msimbo akaukalia. Nilipomfokea alicheka. "Wewe mdomo tu," akasema. "Mimi shati nagawa. Ngozi sigawi."

Sasa hayupo, na programu inakufa. Kompyuta mpya zinaikataa. Tena ina kasoro moja: katikati ya vichaka, kabla hujafika Itigi, treni inajifunga breki yenyewe na kusimama. Hapana stesheni pale. Inasubiri kidogo, kisha inaondoka. Watumiaji wanalia: tupeni msimbo, tutaitengeneza. Nami niliahidi hapa kwamba kesho, Jumatatu, nitautoa kwa kila mtu.

Jana nilikwenda Itigi kuuchukua kwa mjane wake, Mama Neema.

Nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta ya Jumanne, ile ya zamani yenye kichogo, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa safarini. Mwanamke huyu hakuwahi kupenda treni. Kaka alipokuwa hai, mama huyu alizoea kumwambia kwamba reli ni mke mwenza wake. Sasa huiendesha kila siku akishapika, na huiendesha vizuri, bila kutazama vidole.

"Karibu, shemeji. Usiongee kwanza," akasema. "Tunakaribia."

Treni ikajifunga breki. Ikasimama palepale panapolalamikiwa na watu wote.

Pembeni ya reli alisimama mtu.

Nina nakala ya programu hii nyumbani. Nimepita pale mara nyingi mno, na sijaona mtu. Watumiaji wameandika kurasa na kurasa kuhusu kasoro hiyo, hakuna aliyetaja mtu. Huyu alikuwa ametupa mgongo, bega la kushoto limeshuka kidogo. Jumanne alisimama hivyo. Hakusogea. Vichaka nyuma yake vilitikisika, shati lake halikutikisika.

Kisha treni ikaondoka, naye akabaki nyuma.

"Umemwona?" Mama Neema akauliza.

"Nimemwona."

"Afadhali. Neema anasema haoni kitu."

Nikajitahidi kuongea kama mtu aliyesoma. Nikamwambia huenda marehemu alimtengenezea nakala yake peke yake. Akatikisa kichwa. Alimwona mara ya kwanza baada ya arobaini, na tangu mazishi hakuna fundi aliyeigusa kompyuta ile. Nikasema programu inaweza kutegwa ingojee siku fulani. Kaka aliugua muda mrefu, alikuwa na nafasi ya kupanga. Hoja nzuri. Niliitoa kwa sauti kubwa kupita kiasi.

"Na wewe shemeji, kwa kelele! Mimi sijabisha," akasema. "Nauliza hivi: ukiwapa watu hiyo msimbo yako, wanaweza kumwondoa?"

"Wanaweza. Kwao ni kasoro."

"Na usipowapa?"

Sikutaka kumjibu. Kompyuta ile inanguruma kama mgonjwa wa kifua. Ikizimika, kompyuta mpya haitaikubali programu, na mtu yule atatoweka bila kuondolewa na yeyote. Nikamwambia hivyo, kwa sababu nimekula kiapo cha kutowaficha watu mambo yanayowahusu, na ningeonekana kichekesho kuanza na yeye.

Akamaliza chai. Halafu akaenda chumbani, akarudi na diski.

"Chukua, uwape wote. Lakini uisome wewe kwanza, uniambie kama yumo humo ndani. Wewe ndiye uliyesema watu wasome."

Diski imo ndani ya kompyuta yangu tangu asubuhi. Sijaifungua. Nimefagia uani, nimefua, nimejibu barua za wapinzani wangu kwa adabu isiyo yangu. Ahadi ya kesho iko palepale: msimbo utatoka, na atakayetaka kunishukuru au kunitukana anajua nilipo.

Ila leo lazima nisome. Nikimkuta Jumanne ameandika mtu, bega lake na siku ya kutokea kwake, nitalia, kisha nitampigia Mama Neema simu. Hilo naliweza.

Je, nikisoma hadi mstari wa mwisho, na hayumo?