Gari la msiba

Careen! Leo nimeanguka kazini, pale mashine ya kusaga Majengo. Puu, mbele ya wateja!

Homa ilinipanda tangu asubuhi. Nikamwomba bosi nikalale. Akasema, "Nenda tu, wanaoitaka nafasi yako wamejaa." Nikabaki napima unga huku natetemeka.

Unamkumbuka marehemu Remigi? Naye alinyimwa ruhusa hivyohivyo. Alipokufa, bosi huyohuyo akatoa pikapu na mafuta, tukamzika kwao Namasakata. Watu wakamsifu!

Sasa sikia. Niko chini, namsikia anapiga kelele, "Washa gari! Washa gari!" Nikajua leo kanihurumia.

Nikafumbua macho.

Akamgeukia dereva: "Zima. Kumbe yuko hai."

Zima, Careen! Nikanyanyuka, nikarudi kwenye mzani.