Mahindi ya Mama Yapigwa Eksirei

Shikamoo Mama. Huku Lushoto ni baridi, naandika nimejifunika blanketi.

Yale mahindi uliyonipa nimwonyeshe Shangazi mbegu ya kweli, leo tumeyapeleka sokoni, ambako wataalamu wanapiga nafaka eksirei kutafuta fukusi waliojificha ndani ya punje. Shangazi naye alibeba ya kwake, yaliyoning'inia juu ya mafiga mpaka yakawa meusi kwa moshi. Nikamwonea aibu. Mtaalamu akatazama picha, akasema, "Haya meusi ni mazima. Haya meupe, kila punje ina mpangaji."

Shangazi aliomba ile picha tu, na sasa ameitundika sebuleni, pembeni ya picha ya harusi yako.

Wifi yako anakusalimu sana, wewe na wapangaji wako.

Mwanao,
Shabani